Maji Baridi ya Kisima cha Mzee Ishaka

Wifi yangu Mwanatatu hajui kukaa. Mpe kigoda, atakikalia nusu, mguu mmoja uko mlangoni. Chai hunywa amesimama. Akitoa salamu ya mwisho ya swala, hujageuza shingo ameshakunja msala. Kaka yake Mansur, ambaye ndiye mume wangu, husema dada yake alizaliwa akitembea. Mimi husema ana siafu ndani ya kanga. Yeye naye huniita Kulthum Mdomo wa Cherehani, na sikatai. Mawifi tangu lini wakapakana asali?

Shule aliiacha kidato cha pili mama yao alipofariki, akawa ndiye mama wa nyumba yetu hapa Mikindani. Aliolewa, akakaa miaka minne, akaachwa. Sababu aliyoitoa bwana yule mbele ya wazee ni kwamba nyumba haikai na mwanamke asiyekaa. Mwanatatu aliisikia, akaitikia vyema, akarudi kwa babake na sanduku moja. Sikumwona akilia siku ile. Alifagia ua mara tatu.

Lakini mikono yake, subhanallah, mikono yake hutulia. Kazi yetu sisi wawili ilikuwa sambusa, na tulikuwa na kibanda Changamwe, juu ya barabara ya kuteremkia Kipevu. Mimi nakaanga, yeye anatengeneza manda. Kwa asiyejua, manda ni zile karatasi za unga za kufungia sambusa. Unapanga matonge manne, katikati umepaka mafuta na kunyunyiza unga, unayasukuma pamoja mpaka yawe chapati moja. Unaipitisha kwenye chuma cha moto, halafu unaziambua moja moja na bado zinaunguza vidole. Hapo ndipo wengi huchana. Mwanatatu hachani. Ukiinua manda yake waona kidole chako upande wa pili.

Ndivyo alivyompata Daktari Lynnette. Huyu ni mama wa bara, mtu wa Kakamega, si daktari wa sindano bali wa kusoma. Alikuwa na maabara ndogo ghorofani juu ya ghala la vipuri, hatua chache kutoka kibandani, na kila siku adhuhuri alikuja kula sambusa. Siku moja alisahau kula. Alimtazama Mwanatatu akiambua manda mpaka sambusa yake ikapoa, kisha akasema, "Dada, mimi nina manda za chuma kule juu, na hakuna anayeweza kuziambua. Njoo ujaribu."

Mimi nilidhani ni utani. Mwanatatu akanawa mikono, akapanda ngazi, na tangu siku ile kibanda nikabaki nacho peke yangu. Hiyo ni miaka mitatu sasa. Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo, akaishia kufanya kazi ambayo hata Bonface, fundi wa mita wa pale, aliyesomea na vyeti anavyo, mikono yake iliikataa.

Nilimkalia kooni anieleze ni kazi gani hiyo.

"Twatafuta kichocheo," akaniambia.

"Ndicho nini?"

"Kitu cha kuharakisha jambo, na chenyewe hakiliki."

"Kama mshenga."

"Mshenga huoza watu. Hiki chaachanisha. Sikiliza, Kulthum. Maji ni haidrojeni na oksijeni, wameoana, hawataki kuachana. Umeme wa jua unawasukuma, lakini oksijeni ni mkaidi, yuwang'ang'ania. Kichocheo ndicho kinachowatenganisha upesi, halafu kinabaki palepale kungoja maji mengine."

"Basi hicho si mshenga, hicho ni kadhi."

Alicheka mpaka akakaa, japo kidogo. Kisha akanieleza kwamba ile haidrojeni yaweza kuwekwa kwenye mtungi, na siku ukiichoma inatoa moto, hakuna moshi, inageuka maji tena.

"Yaani wamerudiana," nikasema. "Talaka rejea."

Kicheko kikamkauka kidogo hapo, nikajuta. Lakini neno likashika, na mpaka leo kile kichocheo chao, ambacho ni madini ya nikeli, nyumbani kwetu kinaitwa Kadhi.

Na kwa nini kiambuliwe kiwe chembamba? Hilo nalo nililiuliza. Akaniambia kwenye tonge nene la nikeli, kinachofanya kazi ni ule uso wa nje tu. Waliomo ndani wote ni wavivu, hawaonani na maji. Ukiliambua mpaka liwe manda, tena manda ambayo jicho halioni, unene wa chembe mbili tatu tu, basi hakuna aliye ndani. Wote wako mlangoni, wote wanafanya kazi. Wanatia unga wa nikeli kwenye maji, mashine inautetemesha, manda zinaachana. Nene zinazama, nyembamba zinaelea, na Mwanatatu anazichota juu polepole kama achotaye tui zito. Kisha anazisuuza, anazipaka juu ya wavu mdogo, Bonface anatia umeme na kusoma mita. Mapovu yakitoka mengi, Kadhi yuwafanya kazi. Mita yao ilikuwa imekwama ishirini, mwaka mzima.

Kusuuza ndiko kulikotuingiza matatani.

Pale maabara wana mashine ya kusafisha maji, yakitoka yametolewa kila kitu. Mwanatatu aliwahi kuyaonja akasema hayana hata ladha ya maji. Basi mwezi wa tatu mwaka huu mifereji ya Changamwe ikakauka siku tisa, na ile mashine, kwa kukosa maji, ikaharibika. Daktari Lynnette yuko Nairobi, mkutanoni. Mwanatatu akamwandikia kwa simu: mashine imekufa, manda ziko tayari, nisuuzie nini? Jibu likarudi, nililiona kwa macho yangu: "Suuza mara tatu kwa maji baridi."

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisi watu wa pwani, maji baridi ni maji yasiyo na chumvi. Basi. Huku visima vingi ni vya chumvi, na mwenye kisima baridi anajulikana mtaa mzima. Baba mkwe wangu, Mzee Ishaka, ndiye mwenye kisima baridi hapa Mikindani. Alikichimba kwa mkono wake, akatia bomba la chuma la kupampu, na sifa ya maji yale anaipenda kuliko sifa ya watoto wake. Ukitaka maji ya kutia meno ganzi, hayo ni maji ya baridi, na lile "ya" si pambo. Hata vitabu vya shule vinasema samaki wa maji baridi. Walidhani samaki wanakaa kwenye friji?

Mwanatatu akanipigia simu: "Kulthum, nichotee dumu la maji baridi, Daktari amesema nisuuzie hayo." Nikachota mimi, kwa mikono hii, nikampelekea. Akayachuja, akasuuza mara tatu, akapaka wavuni. Bonface akawasha umeme.

Mita ikafika ishirini haikusimama. Ikapita arobaini. Ikapita themanini. Bonface alipiga ukelele hadi watu wa ghala chini wakadhani kuna moto. Daktari aliporudi alimkumbatia Mwanatatu, akamzungusha. Akapima, akapima tena, jibu lile lile. "Wembamba!" akawa anasema. "Nilisema mimi, ni wembamba wa manda zako!" Akaandika makala, akaalika watu wa mfuko unaosaidia utafiti waje waone kwa macho. Wakiridhika, maabara ina miaka mitano ya kuishi. Wasiporidhika, itafungwa mwisho wa mwaka. Wakiridhika, Mwanatatu naye ataandikiwa barua, fundi wa maabara, kazi ya kudumu, jina lake kamili na la babake. Wallahi, barua ile ilikuwa haijaandikwa, na wifi yangu alikuwa ameshaitafutia pa kuitundika.

Mashine ya maji ikatengenezwa. Mwanatatu akaambua manda mpya za kuwaonyesha wageni, akazisuuza kwa maji yale yasiyo na ladha. Mita: kumi na tisa. Akarudia. Ishirini. Akarudia tena.

Nyumbani akawa hashikiki. Akaanza kufua nguo safi. Akawa anaitazama mikono yake, anaigeuza, anaikunja. "Zimekuwa nene, Kulthum. Mikono yangu imekufa." Sambusa zangu akazikataa, chakula akakikataa. Mansur akataka kumwita mwalimu wa madrasa aje amsomee. Mimi nikamwambia Mansur, mwache dadako, mtu akisomewa hukaa kitako, na huyu atakaaje?

Jumatatu, wageni wanakuja Alhamisi, Daktari akamwambia kwa upole, "Fanya kila kitu kama siku ile. Kila kitu. Hata maji yale yale." Akafungua friji ndogo ya maabara, akatoa chupa. "Haya. Maji baridi. Nilikuwa nimeyahifadhi kabla mashine haijaharibika. Si ndiyo niliyokuandikia?"

Mwanatatu aliipokea chupa ile, ikamchoma vidole kwa ubaridi. Hapo ndipo alipofahamu. Miaka mitatu alidhani chupa zile ni za Bonface za kunywa.

Aliingia jikoni kwangu alasiri bila salamu, akanisimulia yote amesimama, anazungusha kijiko mkononi. Si wembamba. Au si wembamba peke yake. Kuna kitu ndani ya maji ya kisima, na Daktari hakijui, na makala ameshaiandika.

"Nani mwingine ajua?" nikamuuliza.

"Wewe."

"Basi siri ya mtungi aijuaye kata. Nyamaza."

"Kulthum!"

"Kulthum nini? Nitakujazia chupa ya kisima, uende nayo, usuuzie manda zako, mita ipande, wageni wafurahi, upate barua. Nani kaumia?"

"Ameandika jina lake juu ya jambo lisilo kweli. Hajui, mimi najua."

"Na ukisema, utarudi kibandani kwangu kuambua manda za unga. Chagua."

Nililisema hilo kwa hasira, na nilikuwa na hofu. Nilimwona mtu aliyewahi kurudi na sanduku moja, na sikutaka kumwona akirudi tena. Siku tatu hakumwambia Daktari neno. Alhamisi asubuhi nikamjazia chupa. Aliitazama, akaitia mkobani, akatoka. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, amekuwa mtu mzima.

Mimi nami nilikuwepo siku ile, maana Daktari aliagiza sambusa za wageni. Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao ni Profesa Roseline, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na sauti ndogo. Daktari akawaeleza habari ya wembamba kwa furaha mpaka nikamwonea huruma. Kisha akanyoosha mkono. "Mwanatatu, lete."

Mwanatatu akaweka mezani nyavu mbili. Kando yake akaweka chupa mbili, ya maabara na ya kwangu.

"Daktari, usiwashe kwanza," akasema. "Hizi ni manda za siku moja, mkono mmoja. Hii nimeisuuza kwa maji ya mashine. Hii kwa maji ya kisima chetu. Ile ya mwezi wa tatu pia ilikuwa ya kisima chetu. Pimeni zote mbili."

Bonface akamtazama Daktari, Daktari akaitikia kwa kichwa tu. Ya mashine: kumi na tisa. Ya kisima: themanini na nne.

Profesa Roseline akaiinua chupa yangu, akaielekeza dirishani. Chini palikuwa na wekundu kidogo. "Bomba la kisima chenu ni la chuma?"

"Naam."

"Limeshika kutu?"

"Limeshika," akasema Mwanatatu, na najua neno lile lilimwuma, maana mbele ya babake halisemwi.

"Basi ni chuma. Chuma kidogo sana kikiingia kwenye nikeli, hufanya hivi. Si jambo geni, Daktari. Kimeshawadanganya wengi duniani, na wakubwa kuliko sisi." Alisema bila ubaya wowote, na pengine hilo ndilo lililomuumiza Daktari zaidi.

Uso wa Lynnette ulibadilika. "Nilikuandikia maji baridi."

"Nami nilitumia maji baridi."

"Maji baridi ni ya friji! Umetia maji ya kisima kwenye kazi yangu, sasa unajificha nyuma ya maneno. Hakuna mtu anayeita maji ya kisima maji baridi. Unasema uongo, Mwanatatu, mbele ya wageni wangu!"

"Wallahi ndivyo tusemavyo!" nikaropoka. "Muulize yeyote—"

"Mama Kulthum, tafadhali, weka sahani."

Nikaweka sahani. Nikamtazama Bonface. Bonface ni mtu wa Meru, akatazama viatu vyake. Pale ndani hapakuwa na mtu wa pwani ila sisi mawifi wawili, na ushahidi wa wifi ni ushahidi gani? Mwanatatu alivua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Akanishika mkono tukashuka ngazi.

Siku tano hakuna simu. Siku tano alikuwa kibandani nami, na yule asiyechana manda akachana. Alichana ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikazikusanya, nikazikaanga kavu tukala wenyewe. Kupoteza kazi alikuwa amekukubali. "Lakini mwongo, Kulthum? Miaka mitatu namwoshea vioo, ameniona mimi mwongo?" Maneno hayo aliyasema asubuhi, akayarudia jioni, anatembea kutoka mlango wa ua hadi kisimani na kurudi. Nami nilikuwa nimeshikwa na haya, kwa sababu mwongo halisi pale nilikuwa mimi na chupa yangu.

Mzee Ishaka hatukumwambia. Ungemwambiaje kwamba kisima chake kina kutu?

Siku ya sita, baada ya swala ya alasiri, tukasikia hodi uani. Daktari Lynnette, peke yake, na kikapu cha chupa tupu. Hakuwahi kufika kwetu. Macho yalikuwa yamemvimba. Mwanatatu akasimama, yaani akazidi kusimama, kwa maana hakuwa amekaa.

"Nimekuja kuchukua maji ya kisima," Daktari akasema kwa ukavu. "Nipime chuma kilichomo. Profesa anataka kujua." Kisha akamwona mzee. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu, marahaba, karibu." Baba mkwe wangu kwa mgeni ni sikukuu. Alikuwa ameshalishika bomba, anapampu kwa nguvu zake zote, maji yakatoka, akachukua kopo. "Chupa baadaye. Twaa kwanza unywe. Mikindani yote, ukitaka maji baridi, ni hapa. Ulizia."

Daktari akanywa funda moja. Akasita. Jua lilikuwa limepiga lile bomba mchana kutwa.

"Mzee, mbona ni ya vuguvugu?"

"Ehe, ni ya vuguvugu."

"Umesema maji baridi."

Mzee Ishaka alimtazama kama anayemtazama mtoto wa madrasa aliyekosea alifu. "Kwani nani alokwambia ni ya baridi? Maji ya baridi yako dukani, kwenye friji, nenda kanunue. Haya ni maji baridi. Hayana munyu! Wafunzwa nini huko mwasomako?"

Daktari alisimama na kopo mkononi, maji yanamdondokea viatuni, na midomo yake nikaiona ikirudia kimya kimya: maji baridi, maji ya baridi. Kisha akamgeukia Mwanatatu.

"Nilikuita mwongo."

Mwanatatu akauvuta mtandio wake kichwani.

"Nilikuita mwongo mbele ya watu, na wewe ndiye uliyeniokoa nisitangaze uongo kwa dunia nzima. Makala nimeshaiondoa. Hawakutupa miaka mitano. Wametupa miezi sita, tuanze upya, tutie chuma wenyewe kwa kipimo tukijua. Barua yako siwezi kukuahidi, sijui kama itatoka." Akapangusa pua kwa kiganja kama mtoto. "Lakini Profesa nimeshamwomba aje tena, na hili neno nitamweleza mbele ya wale wale. Nisamehe. Na daftari la maabara, kuanzia kesho nataka uliandike wewe, kwa Kiswahili chako. Mimi ndiye nitakayeuliza nisipoelewa."

"Chuma gani mwatia?" akauliza Mzee Ishaka. "Maji yangu yana nini?"

Mimi nilikuwa namtazama wifi yangu, nikingoja aanze kutembea, afagie, akunje kitu. Alirudi nyuma hatua moja mpaka akagusa ukingo wa kisima, akakaa. Akakaa kweli kweli, miguu yote miwili ndani, akajifunika uso kwa mtandio, akalia, na mimi Mdomo wa Cherehani nikakosa neno la kumtania.